Mchumba wangu ametengeneza benchi la harusi yetu, mpambaji anasema litaharibu picha

Kaka, salaam.

Huwa nasoma majibu yako kwa watu wanaojiandaa kufunga ndoa, na leo nimeona nikuandikie ya kwangu. Mimi na mchumba wangu tunafunga ndoa miezi miwili na nusu ijayo. Yeye ni seremala. Ni mtu wa maneno machache, na sababu moja ni kwamba ana kigugumizi. Tukiwa wawili tu hakisikiki kabisa, ila akisimamishwa mbele ya watu maneno humkwama mpaka jasho linamtoka.

Tangu tuchumbiane nimekuwa nikikusanya mawazo mtandaoni, na sasa orodha imejaa kwenye simu. Kuna ubao wa kukaribisha wageni wenye majina yetu, ukuta wa picha zetu za utotoni, herufi kubwa za taa, moshi mzito wa kuchezea dansi ya kwanza, fataki za kushika mkononi wakati wa kutoka, na kadi za wageni kutuandikia maneno. Kuna kiti kitupu chenye picha ya baba yangu, aliyefariki miaka minne iliyopita. Na kuna bwana harusi anayesoma ahadi alizoandika mwenyewe hadi machozi yanamtoka. Hilo la mwisho ndilo nililokuwa nalitaka kuliko yote.

Mchumba wangu hakusema kitu kuhusu orodha hiyo. Wiki iliyopita alinipeleka karakana akanionyesha benchi. Amekuwa akilitengeneza usiku baada ya kazi bila kuniambia. Anataka tukalie hilo ukumbini badala ya viti vya kukodi, halafu tulichukue kwenda nalo nyumbani. Ni zuri, lina mgongo uliopinda kidogo, lakini ni benchi la mbao tu. Nilimtumia mpambaji picha yake. Akajibu kwamba litaharibu jukwaa zima, kwamba rangi ya mbao haiendani na vitambaa, na kwamba picha zote za ukumbini zitatoka "za kawaida". Dada yangu mkubwa anakubaliana naye. Mama hana shida na benchi, ila amekataa kiti cha baba. Anasema hawezi kukaa jioni nzima ya harusi ya mwanawe akitazama kiti kitupu.

Mchumba wangu bado anasubiri nimwambie kama benchi linaenda au haliendi. Nataka harusi yetu ionekane kuwa ni yetu, na nataka picha nzuri pia, kwa sababu ndizo zitakazobaki. Wewe unayekaa nyuma ya kamera, niambie: benchi litaharibu picha kweli? Nimbembeleze asome ahadi? Na kuhusu baba nifanye nini?

Mwenye Mawazo Mengi

*

Dada yangu,

Hongera, na pole kwa kuvutwa huku na huku. Benchi liende ukumbini. Nimeisoma barua yako nikijiuliza ni kipi hasa ambacho ningekikimbilia na kamera kama harusi hii ningeipiga mimi, na katika orodha yote sikukiona mpaka nilipofika karakana.

Nikueleze jinsi jukwaa linavyoingia kwenye picha. Mpiga picha akifika ukumbini kabla ya wageni hupiga mapambo: meza, maua, vitambaa, ubao wa majina. Kazi hiyo huchukua dakika 15 au 20, ikaisha. Watu wakishaingia, mapambo hurudi nyuma yao, tena yakiwa yamefifia, kwa sababu uso wa mtu tunaupiga na tundu la lenzi likiwa limefunguliwa sana, f/2 au f/1.8 kwa lugha yetu ya kamera, na hapo kitambaa kilicho mita tatu nyuma yako kinabaki rangi laini isiyo na umbo. Kinachoonekana wazi ni nyuso, mikono, na kile ambacho mikono inagusa. Benchi mtaligusa jioni nzima.

Kuna jambo jingine ambalo mpambaji hana nafasi ya kuliona, maana kazi yake huisha pale yangu inapoanza. Vile viti vikubwa vya maharusi vyenye mikono huwatenganisha watu. Kila mmoja anazama kwenye chake, katikati kuna mikono miwili ya viti, na mtu akitaka kumnong'oneza mwenzake inabidi ajipinde huku gauni likimzuia. Wengi wanaacha. Matokeo yake ni picha za watu wawili wanaosubiri kuitwa kwenye usaili. Benchi halina mpaka katikati. Bega litagusa bega bila mtu kuwaelekeza. Gauni lako litamwagikia upande wake, na yeye atalishika lisianguke. Mama yako atakuja kukusalimu, na badala ya kuinama mbele yenu ataketi pembeni yako dakika mbili. Watoto watapita chini yake. Picha za namna hiyo hazipangwi, na nikizipata najua nimefanya kazi.

Na neno "za kawaida" lisikutishe. Mengi tunayoyaona leo kuwa ndiyo harusi yenyewe yalianza kama uamuzi wa mtu mmoja. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa na Albert tarehe 10 Februari 1840, mabibi harusi wa kifalme walizoeleka kuvaa vitambaa vya fedha na dhahabu. Yeye akachagua hariri nyeupe, na lesi ya aina ya Honiton iliyofumwa kwa mkono huko Devon, Uingereza, ili wafumaji wa nchi yake wapate kazi. Kichwani akaweka maua ya mchungwa badala ya taji. Weupe ule ukaigwa sehemu nyingi za dunia hadi watu wakasahau kwamba ulikuwa chaguo lake. Lesi hiyo aliendelea kuivaa kwenye shughuli za familia yake kwa miaka mingi, na alipofariki mwaka 1901 alizikwa na shela ya harusi yake. Picha ya siku ile haipo. Upigaji picha ulikuwa umetangazwa Paris mwaka mmoja tu kabla, na zile picha zake na Albert ambazo wengi hudhani ni za harusi zilipigwa na Roger Fenton mwaka 1854. Lakini gauni lipo hadi leo, limehifadhiwa. Umeandika kwamba picha ndizo zitakazobaki. Benchi nalo litabaki, na kila mwaka mnaweza kulikalia mkapiga picha nyingine.

Sasa tulifanye litoke vizuri. Mwombe mchumba wako asimalizie kwa vanishi inayong'aa. Mbao zenye mng'ao mkali hurudisha mwanga wa flashi kama doa jeupe, na lile doa likitua karibu na gauni macho ya mtazamaji huenda huko. Mafuta ya mbao au vanishi isiyong'aa huonyesha mishipa ya mbao vizuri zaidi. Alimalize mapema, wiki kadhaa kabla, liwe limekauka kabisa na harufu imetoka, maana kitambaa cheupe hakisamehi. Apige msasa kwenye kingo zote, hata za chini na za nyuma, ili lesi isinase. Urefu wa kama sentimita 150 unawatosha watu wawili na gauni lenye marinda. Kwenda juu, sentimita 45 hivi ndiyo kiasi cha kawaida kwa meza ya kulia ya sentimita 75. Yeye ni seremala, hayo ya vipimo anayajua kuliko mimi, ila huenda hajawahi kulipimia benchi gauni. Jaribuni kulikalia ukiwa umevaa sketi pana.

Kitu kinachoharibu picha za ukumbini, nakwambia kwa uchungu wa mtu anayekutana nacho kila msimu, ni taa za zambarau na bluu zinazoelekezwa usoni mwa maharusi. Taa za LED za rangi moja kali hazina rangi nyingine ndani yake. Ngozi haiwezi kuonyesha rangi ambayo haipo kwenye mwanga, na hakuna programu ya kompyuta itakayoirudisha. Tunabaki kuzigeuza picha hizo kuwa nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo kama kuna jambo la kumshikilia mpambaji na fundi wa taa, ni hilo: taa za rangi zielekezwe ukutani na kwenye vitambaa, ila mbele ya benchi uwekwe mwanga mweupe unaoelekea kidogo manjano, kutoka ubavuni, juu kidogo ya usawa wa macho.

Halafu mwombe mpiga picha wako jambo moja la kabla ya harusi. Aende karakana wakati bwana harusi akimalizia benchi, hata kwa saa moja. Wanaume wengi wasiopenda kamera wanagandishwa na mikono isiyo na kazi. Mpe huyo huyo randa au msasa, sura inalegea na mabega yanashuka. Wewe nawe uwepo, ukae kwenye benchi kabla halijapakwa chochote, vumbi la mbao likiwa sakafuni. Kama picha zile za ukuta wa utotoni mtazitundika, tundikeni na hizi.

Kuhusu ahadi, usimbembeleze. Naelewa unachokitamani, nami nimepiga wanaume wakilia mbele ya umati na mkono wangu ukatetemeka kwenye kamera. Lakini kwa mchumba wako, kusimama na kipaza sauti maana yake atatumia dakika zile akipambana na herufi, wala si akikutazama wewe. Kamera itaona hivyo hivyo: macho kwenye karatasi, taya imekaza, wageni wakimwonea huruma. Hicho sicho ulichokiona mtandaoni ukakipenda. Ulipenda mtu aliyejisahau kwa sababu ya mwenzake, na yeye hujisahau mkiwa wawili.

Basi mpeni nafasi ya wawili. Mwandikiane barua, kila mmoja kwa mkono wake, kwenye karatasi halisi. Asubuhi ya harusi, au katika nusu saa kabla ya kuingia ukumbini, mpiga picha awatafutie sehemu tulivu yenye dirisha kubwa au kivuli cha nje. Akusomee yake kwa sauti akitaka, au kila mmoja asome ya mwenzake kimyakimya. Mpiga picha asimame mbali, akiwa na lenzi ya kuvuta karibu, ya milimita 85 au 135, bila flashi. Kamera nyingi za sasa zisizo na kioo ndani zinaweza kupiga bila mlio wowote. Asiwepo mtu mwingine, hata mpiga video, mpaka yeye mwenyewe aseme ni sawa. Barua hizo baadaye zipigwe karibu, maandishi yasomeke, kwa kuwa mwandiko wa mtu ni sura yake nyingine.

Bado kuna maneno ya kiapo ambayo lazima ayatamke mbele ya watu. Mwende pamoja kwa atakayewafungisha ndoa, mapema, mumweleze. Kuna jambo ambalo wataalamu wa usemi wanalijua vizuri na pengine mchumba wako mwenyewe amewahi kuliona: watu wengi wenye kigugumizi hutamka bila kukwama wanaposema maneno kwa pamoja na mtu mwingine, kama wanavyofanya wakiimba. Muulizeni kiongozi wa ibada au msajili kama mnaweza kuyasema maneno yenu kwa sauti moja, wewe na yeye, au yeye na kiongozi. Mchumba wako ndiye aamue. Akipenda, jaribuni nyumbani mara kadhaa. Na akisema anataka kuyasema peke yake na kukwama kwake kote, hiyo ni haki yake pia, na wageni wasubiri. Mpiga picha asikwepeshe kamera hapo kana kwamba kuna aibu.

Sasa baba. Nimelifikiria hili kuliko mengine yote, maana hapa kuna watu wawili waliofiwa na mtu mmoja, na kila mmoja amefiwa kwa namna yake. Kiti kitupu kwenye picha moja ya mtandaoni kinagusa moyo. Ukumbini hakikai kwa picha moja. Kitakaa hapo wakati wa hotuba, wakati wa chakula, wakati wa muziki, na mama yako atakuwa mita chache kutoka kwacho, wageni wakimtazama kuona kama analia. Wewe ungekuwa na kiti cha kumbukumbu ya baba. Yeye angekuwa na nafasi ya mume wake, hadharani. Amekwambia hawezi. Mwamini.

Muulize angependa nini. Usiende na orodha, nenda na swali tu. Huenda ana saa ya baba, shati lake, kalamu aliyoandikia, kitu ambacho hajamwonyesha mtu tangu siku zile. Nimewahi kumpiga bibi harusi ambaye kipande cha shati la baba yake kilishonwa ndani ya gauni, upande wa moyo, mahali ambapo hakuna mgeni aliyeweza kukiona. Picha ilikuwa ya asubuhi, mama yake akimfunga vifungo na kidole chake kikipita juu ya kile kipande. Watu watatu tu chumbani tulijua maana yake. Kama mama yako atakubali jambo la namna hiyo, lipangieni dakika 10 za peke yenu kabla wasichana wa kusindikiza hawajaingia, karibu na dirisha, taa ya dari ikiwa imezimwa ili rangi zisichanganyike. Kama hatakubali chochote cha kupigwa picha, mshereheshaji anaweza kumtaja baba kwa jina katika sentensi moja ya heshima, na hiyo itatosha kwa siku hiyo.

Kwenye orodha iliyobaki nitapita haraka. Ukuta wa picha za utotoni ubaki: wazee husimama pale, huonyeshana vidole, hucheka, na hapo ndipo ninapowapata wakiwa hawajijui. Kadi za wageni zibaki, ila ziwekwe mezani na kalamu za kutosha mapema, na mtu mmoja apewe kazi ya kuzikusanya. Moshi uuache. Ukumbini mara nyingi hautoki haraka, na baada ya dansi picha za flashi zinaweza kuwa na utando. Fataki ndogo za mkononi huzima chini ya dakika moja, mara nyingi kabla watu wa mwisho kwenye mstari hawajawasha zao. Bila mtu wa kusimamia, na ndoo ya mchanga, na umbali kutoka kwenye gauni, ziache pia. Herufi za taa ni juu yako. Sina neno nazo, ila hazitawaambia wageni chochote ambacho kadi ya mwaliko haijawaambia.

Ukipunguza vitu unapata muda, na muda ndio unaokosekana kwenye ratiba karibu zote ninazopewa. Kila kundi la familia linahitaji dakika tatu hadi tano kukusanywa na kupigwa, kwa hiyo makundi 12 yanaweza kufika saa nzima. Yaandike makundi hayo kwa majina, na dada yako mkubwa, mwenye sauti na anayewajua ndugu wote, apewe kazi ya kuwaita. Atakuwa na jambo muhimu la kufanya, na benchi litapumua. Jiachieni pia dakika 20 kabla ya jua kuzama, nje, ninyi wawili. Mkiwa karibu na ikweta jua hushuka wima na mwanga ule mzuri haukawii kupita, kwa hiyo usikubali mtu awaambie "baada ya hotuba hii tu".

Mpiga picha wako mwandikie ujumbe mfupi: vitu vitatu vyenu, viko wapi, vitatokea saa ngapi, na kwa nini. Usimtumie picha 60 za harusi za watu wengine. Mwambie benchi limetengenezwa na nani, usiku, baada ya kazi. Mwambie kuhusu kigugumizi, ili asimwelekeze bwana harusi kwa kumuuliza maswali mbele ya watu. Barua, pete, na kitu cha baba kama kitakuwepo, viwekwe kwenye kisanduku kimoja apewe asubuhi. Muulize pia kama kamera yake inahifadhi picha kwenye kadi mbili za kumbukumbu kwa wakati mmoja na kama huhifadhi nakala zaidi ya sehemu moja. Mpiga picha makini hatachukizwa na swali hilo.

Mwambie mchumba wako leo kwamba benchi linaenda. Kisha mpe mpambaji kipande cha mbao ile ile, kilichopakwa mafuta yale yale, umwombe achague vitambaa kwa kuanzia hapo. Wapambaji wengi wazuri hufurahia kupewa kitu cha kuanzia. Akisisitiza tena kwamba picha zitaharibika, mwunganishe na mpiga picha wako wazungumze wao kwa wao kuhusu taa na rangi, wewe usiwe katikati.